Wati ni nini hasa, na kwanini "wati 8000" inazidiwa na wati 25

Mzee mmoja jirani yetu huku Makorora aliniita wiki iliyopita nikamuangalizie sabufa aliyoletewa na mwanawe kutoka Dar. Mpya kabisa, hata ile nailoni ya mbele hajaibandua. Nimefika, shikamoo, marahaba, akaiwasha, besi ikapiga mpaka vikombe kwenye kabati vikalia, akaizima akaniambia, "Mwanangu, kishindo nakisikia, udi siusikii." Huyu ni mtu wa taarabu, ile ya kina Black Star na Lucky Star wakati Tanga ndio inawika, na anachotaka yeye ni kusikia nyuzi zinavyodonolewa moja moja, amsikie mwimbaji anavuta pumzi kabla ya kuingia ubeti wa pili. Mwanawe kwenye simu akawa anashangaa, "Kaka, mbona hiyo ni wati elfu nane?"

Na kweli kwenye boksi imeandikwa hivyo, 8000W PMPO, herufi kubwa za rangi ya dhahabu. Nikaigeuza nikaangalia nyuma pale waya wa umeme unapoingilia, kuna kikaratasi kidogo cha rangi ya fedha ambacho hakuna anayekisoma, kimeandikwa 230V 50Hz 65W. Sasa 8000 mbele na 65 nyuma kwenye chombo kimoja, hapo ndio mahali pazuri pa kuanzia kuelewa neno hili maana linatumika kila duka la redio na wengi tunalielewa vibaya.

Wati ni kipimo cha nishati inatumika kwa kasi gani, basi. Jina limetoka kwa James Watt, yule mhandisi wa Uskoti wa mashine za mvuke. Taa ya LED ya chumbani ni wati 9 hivi, pasi ni wati 1000 na kidogo, birika la umeme linafika 2000. Na unajua bili yake kwa sababu unit moja ya LUKU ni wati 1000 zikitumika saa nzima. Kwahiyo redio ambayo kweli inatoa wati 8000, ukiiwasha baada ya magharibi saa 1 mpaka saa 5 usiku umemaliza unit 32, na hapo sijahesabu joto linalopotea ndani. Tena isingefika hata huko, kwa sababu pini yetu ya ukutani ina fyuzi ya ampea 13, ukizidisha kwa volti 230 unapata wati 2990, fyuzi ingekatika mapema tu. Mashine haiwezi kutoa nguvu ambayo haijaingia. Hiyo 65 ya nyuma ndio inaingia, na ya kutoka lazima iwe chini ya hapo.

Mi nikaifungua kabisa mzee aone. Ndani kuna transfoma ya ukubwa wa ngumi, na kwenye bati la kupozea joto zimefungwa IC tatu, yani vile vipande vidogo vyeusi vinavyokuza sauti, za miguu mitano mitano, TDA2030, ambayo fundi yeyote wa redio anaijua. Hiyo IC ni ya kweli na inafanya kazi yake vizuri sana, moja inatoa kama wati 14 ukiifungia spika ya omu 4, omu ni kipimo cha jinsi spika inavyouzuia umeme kupita. Tatu ni 42. Ukichukulia na joto linalopotea, inaendana kabisa na ile 65 ya nyuma. Sasa 8000 imetoka wapi?

Imetoka kwenye hizo herufi PMPO, maana yake nguvu ya kilele cha muziki, na shida yake ni kwamba haina kanuni moja ya kupimia, kila kiwanda kinapiga hesabu yake, mwingine anachukua mpasuko wa sekunde ndogo sana ambao hakuna sikio litausikia, mwingine anajumlisha na kuzidisha anavyojua mwenyewe. Namba ya kushika ni ile yenye RMS, yani nguvu ya wastani ambayo mashine inaweza kuitoa mfululizo bila kuchoka na bila sauti kuharibika. Na hata RMS inatakiwa iambatane na maneno mengine, kwa spika ya omu ngapi, na kwa mkwaruzo asilimia ngapi, kwa sababu amplifaya, yani mashine ya kukuza sauti, ile ile ukiikubalia sauti ikwaruze kwa asilimia 10 itakuandikia wati nyingi kuliko ukiibana iwe safi. Huu mchezo wa namba wala sio wa juzi, Marekani walichoka nao mpaka mwaka 1974 tume yao ya biashara, FTC, ikaweka sheria kwamba anayetangaza wati za amplifaya ya nyumbani aseme nguvu ya mfululizo, aseme na omu, masafa na mkwaruzo. Sisi huku tunabaki na karatasi ya nyuma, ndio maana nasisitiza igeuze kwanza kabla hujatoa hela.

Haya, tuseme umepata namba ya kweli. Bado wati haikwambii sauti itakuwa kubwa kiasi gani, na hapa ndio watu wengi wanaotaka kupandisha kiwango cha mziki nyumbani wanapotupa hela. Sikio la binadamu halihesabu kama LUKU. Ukubwa wa sauti tunaupima kwa desibeli, na ukitoka amplifaya ya wati 50 ukanunua ya wati 100, umeongeza desibeli 3 tu. Hizo 3 utazisikia ukitega sikio lakini aliyeko jikoni hatatoka kuja kuuliza kulikoni. Ili usikie kama sauti imekuwa kubwa mara mbili inatakiwa iongezeke desibeli 10 hivi, na desibeli 10 ni wati mara kumi, yani wewe wa 50 ukatafute 500. Mtu anauza amplifaya ya wati 60 nzuri tu anaongeza laki kadhaa anunue ya wati 80, hiyo tofauti ni desibeli moja na kidogo, naumia sana nikiona hivyo kwa sababu ile hela ilikuwa inatosha kufanya kitu kingine kabisa.

Hicho kitu kingine ni spika. Kila spika ina kiwango chake kinaitwa sensitiviti, wanaipa wati 1, wanapima kwa umbali wa mita 1, wanaandika desibeli walizopata. Spika nyingi za nyumbani zipo kati ya 84 na 92. Unaona kama namba zinafanana lakini fikiria, kutoka 84 mpaka 90 ni desibeli 6, na desibeli 6 ni sawa na kuzidisha wati mara nne. Kwahiyo wati 25 kwenye spika ya 90 inakupa ukubwa ule ule wa wati 100 kwenye spika ya 84. Na hapo bado hujagusa suala la usafi. Kuna jambo lingine huwa nikiliwaza linanishangaza mpaka leo, umeme unaoingia kwenye spika za kawaida za nyumbani, unaogeuka kuwa sauti ni kama asilimia moja, mara nyingi hata haifiki, ule mwingine wote unaishia kuwa joto kwenye koili, ule waya uliozungushwa ndani ya spika. Spika ndio sehemu inayopoteza zaidi, na ndio sehemu watu wanayoinunua mwisho kwa hela iliyobaki.

Mzee stoo alikuwa na boksi mbili za spika za mbao za zamani, kubwa, zimefunikwa shuka, na amplifaya yake nyeusi ya wati 25 kila upande. Nyuma ya boksi bado panasomeka, omu 8, 90dB. Alikuwa ameziacha kwa sababu upande mmoja ulianza kukatika katika na akaambiwa zimepitwa na wakati. Nikaangalia ule ukingo unaoshika koni, ile sehemu ya spika inayotetemeka, wa kitambaa, uko mzima kabisa, ungekuwa wa sponji ungeshamumunyuka siku nyingi. Tatizo lilikuwa pale waya unapochomekwa, pamefanya kutu ya kijani, na huu ndio ugonjwa wa sisi tunaokaa na bahari, hewa ya chumvi inakula shaba taratibu, huoni mpaka siku sauti inakatika. Msasa laini, spiriti, waya mpya mnene kidogo, nusu saa imeisha.

Ila alikuwa na hofu moja, na ni swali zuri nalisikia sana. Kwenye boksi zile imeandikwa pia 100W. Akasema, "Sasa amplifaya ya 25 itaziweza spika za 100?" Hapa neno wati linabadilika maana na hakuna anayekwambia dukani. Kwenye amplifaya, wati ni inachotoa. Kwenye spika, wati ni inachostahimili kabla koili haijaungua. Ni kama tani za jahazi. Jahazi la tani 20 halimaanishi lina mzigo wa tani 20 ndani, na halikatai kwenda Pemba na magunia kumi, linakwenda vizuri tu. Spika ya wati 100 ukiipa wati 5 inapiga, ukiipa 25 inapiga, na sauti inategemea ile 90dB, hiyo 100 inakuhusu siku ukitaka kuisukuma sana.

Na kusukuma nako kuna hatari ambayo watu wanaielewa kinyume. Wengi wanadhani amplifaya ndogo haiwezi kuua spika kubwa. Inaweza. Amplifaya ikifika mwisho wa umeme wake halafu wewe bado unapandisha volyumu, haiwezi kulichora wimbi la sauti mpaka juu, linakatwa kichwa, linakuwa bapa. Utaisikia sauti inakuwa kali, inakwaruza, inachoma sikio. Wimbi lililokatwa kichwa linazaa sauti nyingi za juu ambazo kwenye wimbo hazikuwemo, na sauti za juu zinakwenda wapi, kwenye tuita, ile spika ndogo ya sauti za juu, yenye koili nyembamba kama unywele. Ndio maana kwenye shughuli za mtaani zinazoungua kwanza ni tuita. Kwahiyo ukisikia ukali ule shusha, usisubiri moshi.

Hapo ndio wati nyingi zina maana yake halali, kuwa na akiba. Muziki haukai kimo kimoja, ngoma ikipigwa mara moja inaweza kutaka nguvu mara kumi na zaidi ya ule wastani, kwa kitambo kidogo sana, na amplifaya isiyo na akiba itaukata mpigo ule kichwa. Kama una sebule kubwa, au spika zako ni za 84 au 85, au unapenda kusikiliza kwa sauti ya juu kweli, basi tafuta wati nyingi, ni haki yako. Angalia na omu tu, ile alama inayofanana na kiatu cha farasi, amplifaya ikisema mwisho omu 8 usiifungie spika mbili za omu 8 sambamba kwenye upande mmoja, zitakuwa omu 4, itatoa umeme mwingi kuliko ilivyoundwa na itachemka.

Turudi kwa mzee. Boksi zile hatukuziweka kwenye kona, kwa sababu kona ya ukuta inaongeza besi na besi ikizidi inafunika udi, tukaziweka mbali kidogo na ukuta, zimeachana kama hatua nne, tuita zikiwa usawa wa masikio yake akiwa amekaa kwenye kiti chake. Sabufa imebaki kwenye TV, kwa mpira iko vizuri tu. Nikamwambia achague wimbo, apandishe mwenyewe mpaka pale anapopenda, mimi nikagusisha mita kwenye waya wa spika, upande wa volti za AC. Mita ya kawaida haiufuati muziki sawasawa lakini picha unaipata. Ikawa inacheza, 0.9, 1.4, mara inagusa 2, inarudi. Hesabu yake ni volti mara yenyewe ugawe kwa omu, 2 mara 2 ni 4, gawa kwa 8, nusu wati. Chumba kimejaa sauti, mjukuu wake amekuja kusimama mlangoni, na spika haijafika hata wati moja, labda ngoma ikipiga ndio inaruka wati 5 au 10 inashuka.

"Ngapi hapo?" akaniuliza.

"Nusu wati mzee."

Akaitazama ile mita, akatazama boksi la dhahabu pale chini, halafu akaniashiria kwa mkono nitoe waya zangu nikae, udi umeshamaliza kufungua, mwimbaji anaingia.