Ujiji: kabla ya kuuliza pa kula, tazama mwezi

Mgeni akishuka Kigoma mjini, mwisho wa reli, swali lake la kwanza kuhusu samaki wa Ziwa Tanganyika huwa lilelile: migebuka wazuri nawapata wapi? Nami humjibu kwa swali: leo mwezi una siku ngapi? Wengi hudhani nawatania.

Mimi ni mpishi. Miaka kumi na sita sasa, kwanza jikoni hotelini mjini Kigoma, na siku hizi napika shughuli: harusi, hitima, maulidi. Kazi yangu huanzia mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, alfajiri, kabla sijawasha moto. Kwa hiyo nikila nje (na nala sana, mke wangu shahidi) sichagui mgahawa kwa kibao chake. Nachagua kwa kilichotoka ziwani usiku ule, na hilo linaamuliwa na mwezi.

Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, sasa ni taa za betri na za sola. Viumbe vidogo vinavyoelea majini hukusanyika penye mwanga, dagaa hufuata kuvila, na migebuka huwafuata dagaa kwa shughuli hiyohiyo. Ndiyo maana wavu mmoja huweza kupanda na mlo na mlaji wake. Lakini mbalamwezi ikitanda, ziwa zima limewaka. Samaki ana haja gani ya kuja chini ya taa yako? Kwa hiyo katikati ya mwezi vipe, yaani mitumbwi ya taa, hulala mchangani, wavuvi wakashona nyavu na kulala usingizi wa deni. Wazee wa Ujiji wenye kalenda ya Kiislamu kichwani wanajua kwamba siku hizo ndizo zenye tarehe 13, 14 na 15, siku za sunna ya kufunga. Marehemu babu alikuwa akisema hata ziwa nalo linafunga.

Basi tuanze na siku za giza. Panda daladala ya Ujiji kutoka mjini, pita Mwanga, shuka ukatembee kuelekea ziwani. Usiende saa sita mchana kama mtu wa ofisini. Nenda saa tatu au saa nne asubuhi, mama wachomaji wakiwa wameshanunua na makaa yameshakolea. Mgebuka ni samaki mwembamba mrefu, nyama yake laini, na haina subira: akikaa juani saa chache ameshalegea. Kabla hajawekwa motoni mwombe mama akuonyeshe. Shavu likifunuliwa liwe jekundu, jicho limetuna, tumbo gumu kwa kidole. Anayekasirika ukitaka kutazama, mshukuru, nenda kwa jirani yake. Mchomaji ninayemwendea mimi yuko upande wanakoundia mitumbwi, na sababu ya kumpenda ni moja: hampaki samaki kitu. Chumvi tu, ya Uvinza akiipata, ile inayotokana na chemchemi za maji chumvi na iliyokuwa ikiuzwa Ujiji tangu enzi za misafara. Humpasua mgongoni, humlaza upande wa ngozi kwanza, halafu huondoka kwenda kupiga soga. Samaki anataka kuachwa.

Utakula na ugali wa muhogo. Mtu wa Dar au Arusha aliyezoea sembe nyeupe hukunja uso kwa harufu, maana muhogo umelowekwa siku kadhaa ukachachuka, ukakaushwa, ndipo ukatwangwa. Mpe tonge tatu. Ugali mzuri unavutika kidogo na haukatiki kama keki. Ukikatika hivyo, unga umechanganywa na mahindi ili kubana matumizi. Hilo si kosa la jinai, ila uambiwe.

Dagaa wabichi wa kukaanga ni wa asubuhi hiyohiyo, usingoje jioni. Wale wakavu wana siri yao: wengine huanikwa mchangani, wengine kwenye vichanja vya wavu. Waliolala mchangani utawatambua kwa meno, na mimi nimewahi kumtambulisha bwana harusi mzima mbele ya wakwe zake, kwa uvivu wangu wa kutoosha mara tatu. Sasa nachota mkono mmoja, nasugua, natazama kiganja. Dagaa aliyekaushwa na jua kali anang'aa fedha; aliyekutwa na mvua huwa wa manjano na mchungu kidogo.

Juu ya yote kuna mawese, na hapa ndipo nawahukumu wapishi wenzangu bila huruma. Tunda la mchikichi lina mafuta mawili: mekundu ya nyama ya nje, ndiyo mawese, na ya kokwa la ndani, ndiyo mise. Mawese mapya yana harufu tamu. Yaliyokaangiwa siku nne hukwaruza koo. Wapo wanaoyaunguza mpaka wekundu upotee, eti mgeni asiogope. Wekundu ule ni uleule wa karoti, ndio mwili unaoutumia kutengeneza vitamini A, nawe unaupeleka hewani uwe moshi! Ukikuta sahani imeacha duara jekundu pembezoni mwa ugali, uko pazuri.

Sasa mbalamwezi imeingia. Mwaka fulani nilimpeleka rafiki kutoka Dodoma kwenye mgahawa mmoja, jina nalimeza, siku ya kumi na nne kamili, kwa sababu alikuwa anaondoka kesho na lazima ale migebuka. Tuliambiwa ni wa leo. Nyama ilijaa maji ikaachana na miiba yenyewe: alikuwa ametoka kwenye friza. Nililipa, nikanyamaza, aibu yote yangu. Mpishi wa Ujiji kutotazama juu!

Siku hizo mimi huenda kwa Wamanyema. Babu zao walitoka upande ambao leo ni mashariki mwa Kongo, karne ya 19, katika misafara ya pembe na watumwa. Wengine walikuja wakiwa wafanyabiashara, wengine wamebeba mizigo ya watu, wengine wao wenyewe ndio mzigo. Wavumbuzi Waingereza Burton na Speke walipofika Ujiji mwaka 1858, soko lilikuwapo tayari. Watalii huja kutazama miembe ya kumbukumbu ya Stanley na Livingstone, waliokutana hapa mwaka 1871, wanapiga picha, wanarudi mjini kula chipsi. Vichochoro vichache tu kutoka pale kuna ua mmoja wenye sufuria ya sombe inayochemka tangu asubuhi.

Sombe ni kisamvu, lakini usimwambie hivyo mama wa Kimanyema akiwa na mwiko. Majani ya muhogo yana sumu ya sianidi. Kuyatwanga kunaifungua, na kuyachemsha muda mrefu kunaitoa na mvuke, kwa hiyo anayepika sombe kwa haraka anakosea mara mbili, ladha na afya. Mama huyu huweka mawese mwishoni, pamoja na kitunguu na dagaa wakavu aliowaweka akiba siku za giza. Unaona? Hata mwezi ukijaa, giza limo chunguni.

Samaki mbichi akikulazimu, uliza kuhe. Huyu hategemei taa. Hunaswa kwa ndoano na nyavu, ni jamaa wa sato, tena ndiye mkubwa kuliko wote katika ukoo huo duniani. Nyama yake nene inafaa mchuzi. Maharage ya Waha yaliyoungwa mawese, na ndizi pembeni, utayapata karibu kila kona. Sina la kufundisha hapo. Pilau ni Ijumaa baada ya sala, ukichelewa umekosa.

Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa, uvuvi ukapumzishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka, niliona nani ana akiba na nani anategemea bahati. Yule mama wa sombe hakubadilisha chochote ila ukubwa wa kijiko cha dagaa.

Jioni, mwezi wowote, kaa barazani kwa muuza kahawa. Mpe dakika kumi. Kahawa inalimwa hapahapa mkoani, Kalinzi na Matyazo, ingawa muuzaji ataapa tangawizi ndiyo siri. Kashata chukua mbili.

Naandika haya mwezi ukiwa na siku ya 19. Unachomoza usiku umeshakwenda, kwa hiyo vipe vinapata saa tatu nne za giza kabla haujatoka. Asubuhi ya leo mwaloni kulikuwa na mabeseni matatu tu ya dagaa na wanawake kumi na watano wakiyagombea. Sikununua. Kesho nitatoka na beseni kubwa zaidi.