Medali ya mnadani: soma ukingo kabla ya kuuliza bei ya fedha

Kwenye meza za vyuma chakavu za Majengo na Sabasaba hapa Dodoma, na kwenye mikeka ya mnada wa Msalato, medali za kijeshi hukaa kopo moja na funguo kuukuu, vifungo vya makoti na sarafu za heller, yaani senti za enzi ya Wajerumani. Muuzaji huzipanga kwa rangi: nyeupe anaiita fedha, ya njano anaiita shaba. Mpango huo unawaponza yeye na mnunuzi, maana nyeupe nyingi si fedha hata kidogo, na hata iliyo fedha kweli thamani yake kubwa haiko kwenye madini. Iko ukingoni, kwenye herufi ndogo zilizogongwa kuizunguka, zinazosema ilikuwa ya nani na alitumikia kikosi gani.

Kanda yetu inazo kwa sababu zinazoeleweka. Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910. Aprili 1916 wapanda farasi wa Afrika Kusini chini ya Jenerali van Deventer waliiteka Kondoa, wakapigana hapo na Wajerumani mwezi Mei, na mwishoni mwa Julai wakaingia Dodoma. Baadaye vijana wa Tanganyika walijiunga na keya, yaani King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, na katika Vita vya Pili wakapelekwa Uhabeshi, Madagaska na Burma. Miaka ya 1950 wengine walipelekwa Kenya. Kwa hiyo ukiona medali hapa, anza na uwezekano huo kabla ya kufikiria kitu cha ajabu.

Jambo la kwanza ni kutoisafisha. Ndimu na majivu, dawa ya kung'arishia shaba, msasa mwepesi, vyote hivyo viache. Majivu yana chembe ngumu zinazokwangua sehemu zilizoinuka: pua ya mfalme, nywele zake, na kingo za herufi. Weusi ulioipaka kwa miaka mia ni ngozi ya madini yenyewe. Ukiuondoa haurudi, na mkusanyaji yeyote ataona mikwaruzo kwa lenzi. Kama kuna udongo, tumia maji ya uvuguvugu na tone la sabuni, kisha kausha kwa kitambaa cha pamba bila kusugua. Utepe uuache, hata kama umechakaa na unanuka moshi.

Vifaa ni vichache: lenzi ya sonara inayokuza mara 10, mizani ndogo inayosoma sehemu ya mia ya gramu, kalipa, yaani kifaa cha kupimia kipenyo, na sumaku. Simu yako inatosha kwa mwanga, lakini usiimulike medali kutoka juu. Weka mwanga ubavuni, karibu usawa wa meza, ndipo herufi zilizofutika zitatoa kivuli na kusomeka.

Medali inayonifanya nichukue muda ni ile ya fedha ya Vita vya Kwanza, British War Medal. Upande mmoja kuna kichwa cha Mfalme George wa Tano, upande wa pili mtu uchi juu ya farasi, na miaka 1914 na 1918. Kipenyo ni milimita 36. Juu ina kipande kilichonyooka cha kupitishia utepe, na kipande hicho hakizunguki. Utepe ni wa rangi ya chungwa katikati, na pembeni kila upande kuna mistari myeupe, myeusi na ya buluu. Madini ni fedha ya 925, yaani sehemu 925 za fedha safi katika kila 1000, na nzima ina uzito wa karibu gramu 32.

Kuthibitisha fedha bila kukwaruza, weka kikombe cha maji juu ya mizani na uirudishe kwenye sifuri. Funga medali kwa uzi mwembamba, izamishe yote bila kugusa kitako wala ukuta wa kikombe. Namba utakayoisoma ni ujazo wake kwa sentimita za ujazo. Gawa uzito wa medali kavu kwa namba hiyo. Medali ya gramu 31.9 ikisoma 3.1 ndani ya maji inatoa 10.3, na hiyo ndiyo fedha ya 925. Mchanganyiko wa shaba na nikeli wenye uzito uleule ungesoma karibu 3.6, sawa na 8.9. Jibu likikuchanganya, tazama mapovu ya hewa: yananasa chini ya kipande cha utepe na kuongeza ujazo wa uongo. Utepe wenyewe nao unanyonya maji, kwa hiyo kipimo hiki ni cha medali isiyo na utepe tu. Yenye utepe wa asili usiifungue kwa ajili ya hesabu. Ukingo wake utakutosha.

Sasa ukingo. Vita vya Kwanza, jina liligongwa kwa mpangilio: namba, cheo, jina, kikosi. K.A.R. ni keya, S.A.I. ni askari wa miguu wa Afrika Kusini. Herufi za asili zimegongwa kwa mhuri: kina kinalingana, na chini ya herufi ni bapa. Zilizochongwa kwa mkono huonyesha mifereji yenye ncha, nyembamba mwanzoni na pana katikati. Jina la kuchongwa kwenye medali hii lina maana kwamba mtu alifuta la kwanza na kuweka lingine. Kalipa itakuambia zaidi: zungusha medali upime sehemu nne. Ikisoma 36 mahali pamoja na 35.6 pengine, ukingo umepigwa tupa. Uzito nao utakuwa umepungua.

Mwenzi wake ni Victory Medal ya bronzi, yenye malaika mwenye mabawa na utepe wa upinde wa mvua. Hii isomeni kwa makini sana huku kwetu. Zile za Afrika Kusini nyuma zina lugha mbili, na chini ya Kiingereza utaona DE GROTE OORLOG VOOR DE BESCHAVING. Ukiikuta hiyo Kondoa au Dodoma na jina likasomeka ukingoni, usikubali kuitenganisha na mahali ilipotoka. Jina litafute kwenye hazina ya mtandaoni ya Commonwealth War Graves, tume inayotunza makaburi ya askari wa Jumuiya ya Madola. Askari aliyefia vitani hupandisha bei mara nyingi, na makaburi ya vita yapo hapa hapa Dodoma. British War Medal ya rangi ya kahawia nayo msiitupe. Ilitolewa kwa bronzi kwa vikosi vya vibarua wa China, India na Malta, na ni adimu kuliko ya fedha.

Za Wajerumani ni chache. Msalaba wa Chuma wa 1914 una kiini cha chuma kilichobanwa ndani ya fremu ya fedha, kwa hiyo sumaku inashika katikati, na kwa lenzi unaona mshono kati ya kiini na fremu. Wa kughushi umemiminwa kipande kimoja, mshono haupo. Sarafu ya heller ya Tabora ya 1916, iliyopigwa wakati wa vita, si medali, ingawa wengi wameitoboa wakaivaa shingoni. Tundu hilo limeishusha bei.

Vita vya Hitla ndivyo vinavyojaza makopo. Nyota za pembe sita, kama Africa Star na Burma Star, ni shaba na zinki, na War Medal ya 1939-1945, yenye simba amekanyaga joka, ni shaba na nikeli. Hiyo ndiyo nyeupe inayouzwa kama fedha. Zilizotolewa na Uingereza hazikuandikwa majina, kwa hiyo peke yake bei yake ni ndogo. Kinachoipandisha ni karatasi: kitabu cha askari, barua, boksi dogo la posta lenye anwani ya kijiji. Nauliza hivi kila mara: "Shikamoo mzee, hii ilikuja na karatasi gani?" Nyota bandia zimemiminwa, herufi ni laini, uso una vishimo kama vya ugali uliopoa, na ubavuni kuna mstari wa kalibu.

Medali ya fedha yenye kipande kilichoandikwa KENYA juu ya utepe, na utepe wenyewe wa njano, mweusi pembeni na mistari miwili myembamba ya kijani, ni Africa General Service, ya wale waliopelekwa Kenya miaka ya 1950. Hiyo ina jina ukingoni, na ikiwa ya keya ni mali halisi.

Kukadiria bei naanza na sakafu: gramu 32 mara 0.925 ni gramu 29.6 za fedha safi, mara bei ya gramu ya siku hiyo. Sonara atakupa chini ya hapo. Juu ya sakafu naongeza jina, kikosi, kama seti imekamilika, kama alikufa vitani, na karatasi. Bei ya fedha inapopanda ndipo moto wa sonara unapokula majina ya watu wetu, na mimi hilo linaniuma.

Nishani za Jamhuri yetu usizinunue mezani. Na kabla ya kutuma kitu cha kale nje ya nchi, uliza Idara ya Mambo ya Kale, Wizara ya Maliasili na Utalii, kwa sababu Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inadai kibali. Usichimbe kwenye mahandaki ya Kondoa kutafuta medali, risasi za zamani bado ni hatari.

Kuhifadhi, epuka mifuko ya plastiki laini ya kalamu na daftari. Inatoa mvuke unaoacha ute wa kijani kwenye shaba. Tumia bahasha ya karatasi, moja kwa kila medali, na juu yake andika kwa penseli: kijiji, tarehe, aliyeuza ni mtoto au mjukuu wa nani, na alisema nini kuhusu mwenye medali.