Kujiamini Kiubunifu: Maana Yake kwa Mchoraji

Kujiamini kiubunifu ni hali ya msanii kuendelea kufanya maamuzi juu ya kazi ambayo bado hajui itaishia wapi. Aukaze mstari huu au auache? Aongeze kivuli au asimame hapo? Anayejiamini huamua, hutazama kilichotokea, kisha huamua tena. Haimaanishi kwamba ana hakika picha itapendeza. Anaweza kabisa kuiona kazi yake ya leo kuwa mbovu, akaikunja akaitupa, na kesho akachukua karatasi nyingine bila kujiuliza kama kweli anastahili kuitwa msanii.

Wengi huichanganya hali hii na ujasiri wa kujinadi. Wapo wachoraji wapole, wasioweza hata kuzungumza mbele ya watu watatu, lakini wakishika brashi hawayumbi. Na wapo wasemaji hodari ambao turubai tupu huwatoa jasho.

Mahali pazuri pa kuiona dhana hii ni kwenye mstari. Chukua mchoro wa mtu anayejifunza kuchora mkono. Ukingo wa kidole gumba haukuchorwa kwa mkupuo mmoja. Umekwaruzwa kwa vijistari vifupi vifupi, kila kimoja kikikiomba radhi kilichotangulia, hadi kidole kinaonekana kimeota manyoya. Jicho lake halina shida, maana mara nyingi vipimo viko sawa. Kinachomshinda ni kukubali kukosea waziwazi. Ukivuta mstari mmoja mrefu kutoka kwenye kifundo hadi kwenye kucha, ukaona kidole kimenenepa, umeshajua cha kurekebisha. Vijistari kumi vya wasiwasi havikuambii lolote, kwa kuwa kidole chenyewe kimefichwa humo katikati. Ndiyo maana wapo walimu wa uchoraji wanaowanyang'anya wanafunzi raba na kuwapa kalamu ya wino: kosa linabaki pale pale, na mstari mpya unachorwa kando yake.

Wingi wa mistari peke yake si dalili ya woga, lakini. Leonardo da Vinci ana michoro ya kutafuta umbo la mtoto aliyekumbatia paka ambamo miguu na mikono imerudiwa juu kwa juu mpaka wino unakaribia kuziba. Tofauti ni kwamba kila mstari wake ni pendekezo kamili. Alikuwa anajaribu mkao baada ya mkao, na hakuona haja ya kuficha majaribio.

Hali hii hutoka wapi? Mwanasaikolojia Albert Bandura, katika maandishi yake ya mwaka 1977, alieleza imani ya mtu kwamba anaweza kuitimiza kazi fulani, na akataja vyanzo vyake vinne: kuwahi kuifanya kazi hiyo na kufaulu, kumwona mtu mwingine akiifanya, kutiwa moyo kwa maneno, na jinsi mtu anavyozisoma hisia na hali ya mwili wake, kama vile mapigo ya moyo. Chanzo chenye nguvu kuliko vyote ni kile cha kwanza. Hapo utaelewa kwa nini sifa za marafiki humwinua mchoraji jioni moja tu, na asubuhi amerudi pale pale. Kuna jambo jingine ambalo wengi hulipita: imani hiyo hufungamana na kazi mahususi. Mtu aliyebobea katika sura za watu kwa penseli anaweza kubabaika kabisa mbele ya rangi za maji, na hakuna ajabu yoyote hapo. Hajapoteza kipaji. Ushahidi alio nao ni wa penseli.

Kwa hiyo anayesubiri ajiamini kwanza ndipo achore amegeuza mpangilio. Kazi hutangulia. Na lazima iwe kazi iliyokamilika, hata kama ni ndogo na haina mvuto, kwa sababu picha nyingi hupita kwenye kipindi kibaya katikati: rangi za chini zimetandazwa, uso hauna macho, kivuli cha shavu kimekuwa tope. Anayeachia hapo kila mara hukusanya rundo la ushahidi kwamba picha zake huharibika, wakati hajawahi kuona zinavyotoka upande wa pili. Ningemshauri mtu kama huyo apunguze ukubwa wa karatasi kabla ya kupunguza matarajio.

Sasa kuhusu kujieleza, yaani picha kubeba mtazamo wa aliyeichora. Huu nao hutafutwa mahali pasipo penyewe: watu huhangaika kubuni mtindo, wakibadilisha rangi na mada kila wiki, na wanaogopa kuiga wasije wakapotea. Vincent van Gogh, aliyeamua kuwa msanii mwaka 1880 akiwa na miaka 27, hakuwa na hofu hiyo. Mwaka 1889 na 1890, akiwa hospitalini Saint-Rémy huko Ufaransa, alichora upya kazi kadhaa za mchoraji Mfaransa Jean-François Millet kutoka kwenye nakala zisizo na rangi. Katika mojawapo, baba amechuchumaa bustanini akimnyooshea mikono mtoto anayejifunza kutembea. Mpangilio wote ni wa Millet. Lakini rangi ilibidi Van Gogh ajitungie mwenyewe, na kila jani na tuta limejengwa kwa mapigo yale yake mazito ya brashi. Hakuna anayekosea kuitambua picha hiyo kuwa ya Van Gogh. Alipoachiwa nafasi ya kuamua, maamuzi yalikuwa yake, na hayo ndiyo tunayoyaita mtindo.

Kuiga kunaharibu pale mtu anapoiga chanzo kimoja tu na kuishia kwenye sura ya nje, bila kuuliza kwa nini rangi ile iliwekwa pale.

Suala la kukubalika na watu lina uzito wake, na sipendi wanaolipuuza. Msanii naye anakula. Ila halifuati ratiba ya kukua kwa kazi. Mchoraji Mfaransa Paul Cézanne alikataliwa mara nyingi na maonyesho rasmi ya Paris, na maonyesho yake ya kwanza ya peke yake yalifanyika mwaka 1895, akiwa na miaka 56. Laiti angengoja ruhusa, mlima Sainte-Victoire, aliourudia makumi ya mara, usingechorwa.

Maoni ya wengine husaidia zaidi yakiombwa kwa swali finyu. Ukiuliza "Umeipenda?", utajibiwa kwa adabu, na utabaki na adabu hiyo mkononi. Uliza badala yake: "Mkono huu unaonekana umebeba kitu kizito?" Akijibu hapana, rudi kwenye bega na kiwiko, uone ni wapi uzito ulipotea.