Risasi za mwanga: rangi ya ncha na rangi ya mwali

Wanaotengeneza vielelezo vya ndege za kivita za zamani huniuliza swali moja mara kwa mara: risasi za mwanga za Spitfire au za Mustang zilikuwa na rangi gani? Nimekuwa fundi silaha wa ndege kwa miaka mingi, na siku hizi nachunguza historia ya silaha hizo. Swali hilo siwezi kulijibu kabla sijajua mtu anaulizia rangi ipi. Risasi ya mwanga ina rangi mbili. Ya kwanza hupakwa juu ya chuma ili fundi aliye chini ajue anapanga nini kwenye mkanda. Ya pili huwaka angani ili mpigaji aone risasi zake zinaelekea wapi. Hazilazimiki kufanana, na hapo ndipo picha nyingi na michezo ya kompyuta huteleza.

Tuanze na rangi ya kupakwa. Bunduki ya rashasha Browning M2 ya Marekani, ya milimita 12.7, ndiyo iliyobebwa na ndege za kivita P-51 (Mustang) na P-47, na ndege ya mabomu B-17, katika Vita Kuu ya Pili. Risasi yake ya kutoboa chuma ilikuwa na ncha nyeusi, ya kuwasha moto samawati hafifu, na ile iliyofanya kazi zote mbili, M8, ilipakwa rangi ya fedha. Risasi ya mwanga M1 ilikuwa na ncha nyekundu, na M10 ncha ya chungwa. Chungwa hilo lilikuwa la kuitofautisha na M1 ndani ya sanduku, halikuwa ahadi ya mwali wa chungwa. Baadaye, M20 ilipounganisha kutoboa, kuwasha moto na kutoa mwanga, ilipewa ncha nyekundu yenye pete ya rangi ya fedha chini yake. Ukiijua lugha hii, unausoma mkanda mzima kwa kuutupia jicho tu.

Waingereza walikuwa na utaratibu wao. Kwenye risasi zao za inchi .303 walipaka duara kuzunguka fataki (kiwashio cha baruti), kwenye kitako cha ganda: zambarau kwa risasi ya kawaida, nyekundu kwa ya mwanga, kijani kwa ya kutoboa chuma, buluu kwa ya kuwasha moto. Kwa hiyo ukikuta ganda la Uingereza lenye duara la kijani, usikimbilie kuchora mwali wa kijani. Risasi hiyo haikutoa mwali wowote.

Rangi ya mwali ni kazi ya kemia. Nyuma ya risasi kuna tundu, na ndani yake umeshindiliwa mchanganyiko unaowashwa na moto wa baruti risasi inapofyatuliwa. Unga wa magnesiamu ndio kuni. Chumvi za strontiamu hutoa wekundu, za bariamu hutoa kijani, na chumvi hizohizo ndizo zinazopamba fashifashi za mkesha wa mwaka mpya. Kijani kinasumbua zaidi, maana bariamu huhitaji klorini ili kijani kitokee vizuri. Pasipo klorini mwanga huelekea weupe. Nyekundu ya strontiamu hutoka kwa urahisi na hupenya ukungu vizuri, ndiyo maana majeshi mengi ya Magharibi yaliishikilia. Buluu hutokana na shaba, na molekuli zake huvunjika kwenye joto la magnesiamu. Mchoro wa mapigano ya mwaka 1944 wenye mistari ya buluu angani umetungwa tu.

Hapo mwanzo lakini, jambo halikuwa rangi, lilikuwa moshi. Katika Vita Kuu ya Kwanza Waingereza walikuwa na risasi ya Buckingham, iliyojazwa fosforasi. Iliacha mstari wa moshi ulioonekana mchana, na iliweza kuwasha haidrojeni ya maputo na meli za angani za Ujerumani. Azimio la kimataifa la St. Petersburg la mwaka 1868 lilikuwa limekataza vitu vya kulipuka au kuwaka vyenye uzito chini ya gramu 400, kwa hiyo marubani waliotumwa kupiga maputo kwa risasi hiyo walibeba kibali cha maandishi, wasije wakaadhibiwa endapo wangetekwa. Mwaka 1916 ikaja risasi ya mwanga yenye mchanganyiko wa bariamu na magnesiamu, iliyopewa jina la Sparklet, na tangu hapo mwali ukachukua nafasi ya moshi.

Je, mwali huo ulimsaidia mpigaji kulenga? Ulisaidia, lakini pia ulidanganya kuliko watu wanavyodhani. Fikiria mpigaji wa ubavuni ndani ya B-17. Anafyatua kuelekea pembeni, lakini risasi inatoka mtutuni tayari ikiwa na kasi ya ndege yenyewe kwenda mbele. Hewa inaikata kasi hiyo haraka, huku ndege ikiendelea na safari. Machoni pake msururu wa mwanga unapinda kuelekea mkiani, kama maji ya mpira wa bustani unapotembea nao. Kwa sababu hiyo alifundishwa jambo linaloonekana la kipuuzi: adui anayemjia alengwe kidogo upande wa mkia wa B-17, si mbele yake.

Udanganyifu wa pili ni wa umbali. Usiku au mchana, jicho haliwezi kupima vizuri kama nukta ya mwanga iko mbele ya shabaha au imeshaipita. Rubani huona mwali ukikatiza juu ya bawa la adui akaamini amempata, kumbe risasi zimepita mita nyingi nyuma yake. Tena risasi ya mwanga hupungua uzito kadiri inavyoungua, kwa hiyo haifuati njia ileile ya jirani zake kwenye mkanda. Anayerekebisha shabaha kwa kuifuata anairekebisha risasi moja na kuziacha nyingine.

Kwa maoni yangu, jibu bora la tatizo hili lilikuwa risasi isiyotoa mwali kabisa. Mwaka 1940, katika Vita vya Uingereza, yaani mapigano ya angani dhidi ya Wajerumani, marubani wa Spitfire na Hurricane walianza kupata risasi ya kuwasha moto iliyoitwa De Wilde. Jina ni la mvumbuzi Mbelgiji, lakini muundo uliotumika ulikuwa wa Meja Aubrey Dixon. Jina la zamani liliachwa makusudi ili kumpoteza adui. Ilisafiri bila alama yoyote na kumulika tu inapogonga. Spitfire ya wakati ule ilikuwa na Browning nane za .303, kila moja na risasi 300, zikifyatua takriban 1,150 kwa dakika. Hiyo ni kama sekunde 15 za kupiga, basi. Mtu mwenye sekunde 15 anahitaji kujua amegonga, na mmweko wa De Wilde ulimwambia hivyo bila kubahatisha. Marubani waliipenda sana.

Usiku hesabu ilibadilika tena, kwa kuwa mwali humwonyesha pia anayepigwa. Wajerumani walilielewa hili vizuri. Mwaka 1943 ndege zao za usiku zilianza kutumia mizinga iliyoelekezwa juu, mfumo walioita Schräge Musik. Rubani alijipenyeza chini ya ndege ya mabomu na kuipiga tumboni kwa risasi zisizo na mwanga. Waingereza wengine waliokuwa karibu waliona ndege ikishika moto tu, na wengi walidhani ni mizinga ya ardhini. Ilipita miezi kabla Waingereza hawajatambua walichokuwa wakifanyiwa.

Wamarekani nao walikwenda kinyume kabisa. Walitengeneza M21 kwa ajili ya bunduki za ndege za mabomu, risasi yenye mwanga mkali ulioonekana vizuri kutoka mbele, yaani kwa yule anayelengwa. Shabaha ya mwanga huo ilikuwa moyo wa rubani wa adui: aone moto unamjia usoni, ageuze ndege mapema.