Nyota Inayotembea: Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu Setilaiti

Giza linaingia, mtu anainua macho na kuona nukta nyeupe ikikata anga kimyakimya, haina mlio wala haina haraka. Hapohapo kila aliyepo anageuka mtaalamu. Mmoja anasema ndege, mwingine anasema nyota imetoroka, wa tatu anashusha sauti na kusema tunapigwa picha. Mara nyingi ni setilaiti tu, na mengi yanayosemwa kuihusu hayana ukweli.

“Ina taa yake, ndiyo maana inawaka.”

Hii ndiyo dhana mama, na ukiing'oa, nyingine nyingi zinafuata mkondo. Unachokiona ni mwanga wa Jua. Unapiga kwenye mwili wa chombo na kwenye paneli zake za sola, kisha unarudi hadi machoni pako. Huku chini Jua limeshatua, lakini kule juu kilomita 400 au 500 bado linawaka. Ni kama kilele cha mlima kinachoendelea kung'aa huku bonde limeshafunikwa na giza.

Yenye taa ni ndege: nyekundu kwenye bawa la kushoto, kijani kwenye la kulia, na nyingine zinazowaka na kuzima. Ukiona rangi hizo, usijisumbue, hao ni abiria na mizigo yao. Vipo pia vitu vya angani vinavyong'aa na kufifia kwa zamu, hasa vipande vya roketi vinavyobiringika, lakini hivyo havina nyekundu wala kijani.

“Imezimika ghafla, bila shaka imelipuka.”

Hapana, imeingia kivulini. Dunia ina kivuli chake, kimejichomoza angani upande wa pili wa Jua, nasi usiku tumo ndani yake. Setilaiti inayotoka magharibi jioni hufika mahali ikaupita mpaka wa kivuli hicho. Hufifia kwa sekunde chache, pengine ikipata wekundu kidogo, kisha haipo. Kwa hakika bado ipo na inaendelea na safari yake, ila jua lake limezama. Alfajiri mambo hugeuka: inachomoza kutoka pasipo kitu, katikati ya anga, kama iliyowashwa. Kwangu mimi dakika hiyo ya kuzimika ndiyo tamu kuliko zote, maana ni nadra kuona kwa macho ukingo wa kivuli cha sayari unayoikanyaga.

“Subiri usiku wa manane, giza likiwa zito.”

Utasubiri sana. Saa nzuri ni moja au mbili za mwanzo baada ya machweo, na kiasi kama hicho kabla ya mapambazuko. Usiku ukikomaa, setilaiti za chini huwa zimo kivulini karibu zote, hasa kwa aliye karibu na ikweta, ambako Jua huzama wima na kwenda chini sana ya upeo. Aliye mbali kaskazini mwezi Juni ana bahati nyingine: kwake Jua halizami sana, hivyo anaweza kuziona zikipita usiku kucha.

“Bila darubini huoni kitu.”

Darubini ndiyo itakayokukosesha. Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, ambacho kina urefu wa zaidi ya mita 100 na kimekaliwa na watu mfululizo tangu Novemba 2000, kinakwenda takriban kilomita 28,000 kwa saa. Utakuwa bado unaelekeza lenzi, nacho kimeshapita. Macho matupu yanatosha: kikipita juu yako hushinda nyota zote kwa mng'ao, na huchukua dakika nne hadi sita kuvuka anga. Muda huo ndio unaokitofautisha na kimondo, ambacho kwa kawaida hakimalizi hata sekunde mbili.

Kuna na wale wanaonyooshea kidole nyota kubwa ya magharibi isiyosogea na kuapa kuwa ni setilaiti. Hiyo ni sayari ya Zuhura, au pengine Mshtarii. Mimi mwenyewe niliwahi kubishana kuhusu Zuhura hadi ikatua, na sikuomba radhi. Kweli zipo setilaiti zinazobaki mahali pamoja angani, zikiwemo zinazorusha matangazo ya televisheni, lakini ziko juu ya ikweta kwa kilomita 35,786. Kwa umbali huo jicho haliziwezi.

Na mwingine huona setilaiti ikiyumbayumba. Anayeyumba ni yeye: jicho likikosa cha kujishikiza gizani hudanganya. Itazame kando ya nguzo au ukingo wa paa, utaona imenyooka.

“Msururu wa taa ni jeshi la viumbe wa sayari nyingine.”

Hofu hii ilipata nguvu Mei 2019, kampuni ya SpaceX iliporusha kwa mkupuo setilaiti 60 za Starlink za huduma ya intaneti. Zikiwa mpya huandamana kama shanga kwenye uzi. Siku zinavyokwenda hupanda hadi kilomita 550 hivi, hutawanyika na kufifia. Wanaastronomia wanazilalamikia, si kwa hofu ya wageni, bali kwa sababu zinachora mistari kwenye picha zao. Kampuni imejaribu kuzipunguza mng'ao, bado wanalalamika, na nadhani wana haki.

“Wazee wetu waliiona Sputnik kwa macho yao.”

Sputnik 1, setilaiti ya kwanza kabisa kutengenezwa na binadamu, ilirushwa tarehe 4 Oktoba 1957. Ilikuwa tufe la sentimita 58 kwa upana, dogo mno kwa macho ya wengi. Walichokiona watu wengi ni mwili wa roketi iliyolipeleka, ambao nao uliingia kwenye mzingo na kuzunguka Dunia. Hata leo, nukta nyingi zinazoshangiliwa kuwa setilaiti ni roketi kuukuu zilizokwisha mafuta, zinaelea tu huko juu zikirudisha mwanga wa Jua.