Ukipewa askari wa bure: dhana potofu kuhusu gambiti

Kwenye baraza za Ngamiani, Tanga, vijana wanaocheza sataranji huziogopa sana gambiti, yaani mianzo ambayo mchezaji anamtoa askari kwa makusudi ili ashambulie. Mpinzani anatoa askari mapema, kete zake zinatoka mbio, na anayejilinda anapoteza utulivu. Wanayoambiana ndiyo yanayoizidisha hofu hiyo.

"Ukishamla askari, mng'ang'anie mpaka mwisho." Dhana hii inaangusha wengi, na inaniuma kuona watoto wakifundishwa hivyo. Askari hutolewa ili mshambuliaji apate muda na njia. Ukipoteza zamu zako kumhifadhi uliyemla, unamwongezea muda huohuo. Mle, kisha rudisha kwa wakati wako. Chukua Gambiti ya Denmark. Mweupe, yaani mwenye kete nyeupe, ameachia askari wa d4, c3 na b2 (herufi ni safu ya wima, namba ni mstari wa mlalo), na maaskofu wake wawili wanamkodolea mfalme wako. Sukuma askari wako d5! Askofu wake akimla, toa farasi f6. Askofu huyo akila f7 na kumtisha mfalme wako, mfalme anamla. Malkia wake atamla wako pale d8, lakini papo hapo askofu wako anaingia b4 na kumtisha mfalme wake, huku ngome yako ikiwa imemlenga malkia wake. Hana njia ya kumwokoa. Atakachopata ni kuziba naye d2 ili abadilishane na askofu wako. Hesabu kete: mko sawa, malkia wote wametoka, na shambulio limekwisha.

"Kukataa gambiti ni woga." Si kweli hata kidogo. Katika Gambiti ya Mfalme, Mweupe akisukuma f4, mpeleke askofu c5. Akidhani askari wako wa e5 ni wa bure akamla, malkia wako anakwenda h4 kumtisha mfalme. Akiziba kwa g3, malkia anamla askari wake wa e4, anamtisha mfalme na kuishika ngome ya h1 kwa pamoja.

"Gambiti kali haina dawa." Wanaosema hivi hutaja mchezo wa London wa 1851, Adolf Anderssen alipotoa askofu, ngome mbili na malkia, kisha akamfunga Lionel Kieseritzky. Ni mchezo mtamu mno. Lakini mfuatilie Kieseritzky: malkia wake alikwenda kuokota ngome mbali huku kete zake nyingi hazijatoka nyumbani.

Wala huhitaji kukariri kila gambiti. Kila zamu jiulize anatishia nini na kete yako ipi bado haijatoka, halafu itoe hiyo.