Vidonge vya majira havijazani tumboni
Mabinti wengi huambiwa na mashangazi kwamba vidonge vya majira, yaani vya kuzuia mimba, hujazana kwenye mfuko wa uzazi, ndiyo maana hedhi huchelewa ukiviacha. Si kweli. Kidonge huyeyuka tumboni kama panadol, na homoni zake hutoka mwilini ndani ya siku chache. Ile damu inayokuja siku ya 2 au ya 3 baada ya kidonge cha mwisho bado si hedhi yako ya asili. Hedhi ya asili huja mara nyingi baada ya wiki 4 hadi 6. Inayochelewesha hedhi zaidi ni sindano ya kuzuia mimba, na watu huichanganya na vidonge. Tena yai huweza kupevuka kabla hujaona siku zako, basi mimba yaweza kuingia mapema. Miezi 3 ikipita kimya, pima mimba, kisha muone daktari.